Kuunda Kompyuta ya Mezani kwa Bajeti Ndogo: Kuchagua Vifaa na Kuviunganisha

Kabla hujanunua hata skrubu moja, chukua karatasi uandike kazi ambazo kompyuta yako itazifanya kila siku, ukianza na ile itakayochukua muda mwingi zaidi. Zoezi hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua fedha ziende wapi, kwa sababu hakuna kifaa kilicho bora kwa kila mtu. Kuna kifaa ambacho kazi yako hukisubiri. Anayeandika ripoti huku amefungua kurasa nyingi za intaneti husubiri RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na diski (inayohifadhi mafaili). Anayehariri video husubiri prosesa (kifaa kinachofanya mahesabu ya kompyuta), RAM na nafasi ya kuhifadhi mafaili makubwa. Anayecheza gemu husubiri kadi ya grafiki (inayotengeneza picha za skrini) kabla ya kitu kingine chochote. Fedha iliyowekwa kwenye kifaa kisichosubiriwa na kazi yoyote ni fedha iliyolala, na mwenye bajeti ndogo hana fedha ya kulaza.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika kiasi cha juu kabisa unachoweza kutumia, kisha utoe gharama ambazo wengi huzikumbuka wakiwa wamekwisha kuchelewa: skrini, kibodi, kipanya, leseni ya mfumo endeshi ikiwa utatumia Windows, kifaa cha WiFi ikiwa mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) haina, na usafirishaji. Kinachobaki ndicho bajeti ya kweli.

Jambo moja lisemwe mapema. Ikiwa kazi zako ni za ofisi tu, yaani nyaraka, barua pepe, majedwali na mikutano ya mtandaoni, mara nyingi kompyuta iliyotumika ya ofisi, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ukiiongezea RAM na SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), itakugharimu kidogo kuliko kuunda yako. Ubaya wake ni kwamba nyingi kati ya mashine hizo zina mazabodi na pawa saplai (kifaa kinachogawia vingine umeme) za umbo la kiwanda chenyewe, kwa hiyo zikiharibika au ukitaka kuziongezea uwezo mkubwa, vifaa vya kawaida havitaingia. Kuunda kompyuta kuna faida kwa mtu anayetaka mashine itakayokua naye: anaanza na anachoweza leo, na kila akipata fedha anabadilisha kifaa kimoja bila kutupa vingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo.

Hatua ya 1: Prosesa, mazabodi na RAM huchaguliwa kwa pamoja

Vifaa hivi vitatu vimefungamana. Kila prosesa ina aina ya soketi (mahali inapokaa kwenye mazabodi) inayoikubali, na kila mazabodi inakubali kizazi kimoja tu cha RAM, ama DDR4 au DDR5. RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5 hata ukiisukuma kwa nguvu, kwa sababu pengo lililokatwa kwenye ukingo wake liko mahali tofauti. Kwa hiyo usinunue kimoja kwa sababu umekikuta kwa bei nafuu kabla hujajua viwili vingine vitakuwa vipi.

Kwa upande wa prosesa za kampuni ya AMD, soketi ya AM4 ilipokea prosesa za Ryzen tangu mwaka 2017 na inatumia DDR4. AM5 iliyokuja mwaka 2022 inatumia DDR5 pekee. Kwa upande wa kampuni ya Intel, soketi ya LGA1700 inapokea vizazi vya 12, 13 na 14 vya prosesa za Core, na mazabodi zake ziko za DDR4 na ziko za DDR5, hivyo soma jina la mazabodi mpaka herufi ya mwisho. Uamuzi wa msingi uko hapa: AM4 ina vifaa vingi vilivyotumika na ni njia nzuri ya kupata mashine yenye nguvu kwa fedha kidogo, ila ukishaweka prosesa ya juu ya kizazi chake, hakuna pa kupanda tena. AM5 itakuomba fedha nyingi zaidi mwanzoni, lakini unaweza kuanza na prosesa ya kawaida na baadaye ukabadilisha prosesa peke yake. Mtu anayejua kwamba hataongeza kitu kwa miaka mitano achukue AM4 bila wasiwasi.

Soma pia herufi iliyo mwishoni mwa jina la prosesa, maana herufi hiyo imewaingiza wengi kwenye hasara. Prosesa ya Intel yenye herufi F haina grafiki ya ndani. Ukiinunua bila kadi ya grafiki, kompyuta itawaka na skrini itabaki nyeusi. Kwa Ryzen za AM4, zenye grafiki ya ndani ni zile za herufi G. Nyingine, kama Ryzen 5 5600 ya kawaida, zinahitaji kadi ya grafiki.

Hakikisha pia kwamba mazabodi inaitambua prosesa uliyoichagua. Soketi kulingana hakutoshi. Mazabodi ya B450, kwa mfano, ilitoka kabla ya prosesa za Ryzen 5000, na bila BIOS yake (programu ndogo ya mazabodi inayoiamsha kompyuta) kusasishwa haitaziwasha. Kila mtengenezaji ana ukurasa unaoorodhesha prosesa zinazokubalika na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja. Tovuti ya PCPartPicker nayo husaidia, kwani hukuonya vifaa ulivyovichagua visipoendana na kukukadiria umeme utakaohitajika.

Kuhusu kiasi cha RAM, GB 8 zinatosha kuanza kwa kazi nyepesi, lakini GB 16 ndizo ninazozipendekeza kwa mtu yeyote atakayekaa na mashine miaka kadhaa. Nunua RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwa sababu zikiwa mbili prosesa huzungumza nazo kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Tofauti hiyo huonekana zaidi kwa anayetumia grafiki ya ndani, kwa kuwa grafiki hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa kwenye RAM ya kompyuta.

Hatua ya 2: Diski na kadi ya grafiki

Mfumo endeshi ukae kwenye SSD. Hakuna kifaa kingine kinachobadilisha mwendo wa kompyuta kwa kiasi hicho. Diski ya kuzunguka, yaani HDD, bado inafaa kwa kuhifadhi picha na video nyingi, lakini isiwe ndiyo inayobeba mfumo. SSD ya SATA (muunganisho wa zamani) husoma takriban MB 550 kwa sekunde, na ya NVMe (muunganisho mpya wa kasi) ya kizazi cha PCIe 3.0 hufika MB 3,500, ingawa katika matumizi ya kawaida utaona tofauti ndogo kuliko namba hizo zinavyoahidi. Kuhama kutoka HDD kwenda SSD yoyote ndiko kunakohisiwa mara moja. Angalia jambo moja: SSD nyembamba ya umbo la M.2 inaweza kuwa ya SATA au ya NVMe, na kuna nafasi za M.2 kwenye mazabodi zinazokubali aina moja tu. Kitabu cha mazabodi kitakuambia.

Kadi ya grafiki isinunuliwe na mtu asiyeihitaji. Kwa anayecheza gemu au kuchora kwa vipimo vitatu, kubali kwamba itachukua theluthi moja ya bajeti au zaidi, na upange vingine kuizunguka. Angalia kumbukumbu yake ya ndani, kwani gemu nyingi za sasa hulemewa kwenye kadi zenye chini ya GB 8. Pima urefu wake ulinganishe na kasha (sanduku la kompyuta). Na uangalie plagi za umeme inazohitaji.

Hatua ya 3: Pawa saplai, mahali pasipobanwa

Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo. Katika mashine ya kwanza niliyoiunda, nilibana kila senti ili nipate prosesa ya ngazi ya juu zaidi, na pawa saplai nikachukua ya bei ya chini kabisa, nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa vidole viwili, yenye karatasi iliyoandikwa wati 600. Ilifanya kazi miezi minne. Jioni moja nilisikia mlio mfupi, nikanusa harufu ya plastiki iliyoungua, na kompyuta ikazima. Pawa saplai ilikufa pamoja na mazabodi na diski, na kwenye diski kulikuwa na kazi ya miezi kadhaa. Prosesa niliyojinyima kwa ajili yake ilibaki mezani bila pa kuiweka. Tangu siku hiyo huanza kupanga bajeti kwa kutenga fedha ya pawa saplai, kisha ndipo naendelea na vingine.

Kifaa hiki ndicho kinachogusa kila kifaa kingine, na kinapofeli vibaya hupeleka umeme usiotakiwa kote. Usihukumu kwa namba ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Soma jedwali lililobandikwa ubavuni, kwenye safu ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hula umeme wa volti 12 karibu wote; pawa saplai ya kweli ya wati 550 itatoa karibu kiasi hicho chote kwenye volti 12, ilhali ya udanganyifu utaikuta na nusu yake. Alama ya 80 PLUS huonyesha ufanisi, yaani inapoteza umeme kiasi gani kwa njia ya joto, na ni dalili njema, lakini haithibitishi ubora wa kinga zilizomo ndani. Soma majaribio ya wanaozifungua na kuzipima, na utazame urefu wa dhamana; mtengenezaji anayetoa dhamana ya miaka 5 au zaidi anaiamini kazi yake.

Kukadiria wati si vigumu. Prosesa ya Ryzen ya AM4 iliyoandikwa wati 65 inaweza kuvuta hadi 88 ikibanwa. Ukiiongezea kadi ya grafiki ya wati 130, na wati 50 kwa ajili ya mazabodi, diski na feni, unapata takriban 270. Pawa saplai nzuri ya wati 450 hadi 550 itaibeba mashine hiyo kwa raha na itakuachia nafasi ya kadi kubwa zaidi baadaye.

Kuhusu kasha, maneno machache yanatosha. Lilingane na ukubwa wa mazabodi (ATX ni milimita 305 kwa 244, na Micro-ATX ni 244 kwa 244), liwe na wavu mbele badala ya kioo kilichoziba, na lije na feni angalau mbili. Taa za rangi hazipoozi kitu.

Hatua ya 4: Kipi kinunuliwe kikiwa kimetumika

Prosesa ni salama kununuliwa ikiwa imetumika, maana ni nadra kufa yenyewe. Kwa zile zenye pini, kama za AM4, kagua tu kwamba hazijapinda. RAM ni hivyohivyo, mradi uijaribu. Kadi ya grafiki inunuliwe baada ya kuiona ikifanya kazi nzito kwa dakika 20 mbele yako, na usikilize feni zake. Mazabodi ikaguliwe pini za soketi kwa tochi, moja baada ya nyingine, pamoja na kapasita (silinda ndogo zinazohifadhi umeme) zilizovimba. SSD iliyotumika uipime kwa programu kama CrystalDiskInfo inayoonyesha uzima uliobaki na saa ilizofanya kazi. Pawa saplai nunua mpya.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Tafuta meza kubwa yenye mwanga, bisibisi ya nyota yenye ncha ya sumaku, na kibakuli cha skrubu. Umeme tuli wa mwilini unaweza kuharibu kifaa bila wewe kuhisi chochote, kwa hiyo usifanye kazi juu ya zulia, na kila baada ya muda mfupi gusa chuma kisicho na rangi cha kasha. Shika vifaa kwenye kingo zake.

Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi. Anza na prosesa. Inua mkono mdogo wa chuma ulio pembeni mwa soketi, tafuta pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa na nyingine kwenye soketi, zilinganishe, kisha iache prosesa ikae kwa uzito wake. Usiisukume. Ikiwa haikai, umeigeuza vibaya au kuna pini iliyopinda. Inua uangalie upya. Ikishakaa, shusha mkono wa chuma. Kwenye soketi za Intel na AM5 mkono huo ni mgumu na utasikia mkwaruzo unaotisha, nacho kifuniko cha plastiki kitaruka chenyewe. Hiyo ni kawaida, na kifuniko hicho ukitunze, kwa sababu ndicho kinacholinda pini siku utakayoiuza mazabodi au kuirudisha.

RAM ifuate. Ikiwa nafasi ni nne na RAM ni mbili, kwa kawaida hukaa kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Fungua vishikizo, linganisha pengo, kisha bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka usikie mlio wa kubana. RAM isiyoingia sawasawa ndiyo sababu ya kwanza ya kompyuta mpya kutowaka, kwa hiyo usiogope kubonyeza kwa nguvu ya kutosha. SSD ya M.2 iingie ikiwa imeinama kidogo, ishushwe, ifungwe skrubu yake ndogo.

Kisha kipozajoto. Kile kinachokuja na prosesa huwa kimekwisha kupakwa pasti ya kupitisha joto; kama hakijapakwa, weka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati ya prosesa, nalo litatandazwa na mbano wenyewe. Kaza skrubu kwa mkingamo, kila moja kidogokidogo, mpaka zote zikaze sawa. Chomeka waya wa feni pale palipoandikwa CPU_FAN. Siku utakapokiondoa kwenye AM4, kizungushe kwanza kushoto na kulia ili pasti iachie, la sivyo kitang'oa prosesa kutoka kwenye soketi iliyofungwa na kupinda pini zake.

Sasa ijaribu mashine ikiwa bado mezani, kabla ya kuiingiza kwenye kasha. Unganisha pawa saplai kwa plagi ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 8 iliyo juu kushoto, ambayo husahaulika sana, weka kadi ya grafiki ikiwa prosesa haina grafiki ya ndani, chomeka skrini, kisha, kwa ncha ya bisibisi, gusanisha kwa sekunde moja pini mbili zilizoandikwa PWR_SW. Feni zikizunguka na maandishi yakatokea kwenye skrini, umeokoa saa nzima ya kufungua na kufunga kasha kutafuta kosa.

Zima, chomoa waya wa umeme, uanze kazi ya kasha. Bamba la nyuma la milango ya mazabodi, ikiwa halikushikizwa na mazabodi yenyewe, liingie kwanza. Hesabu nguzo ndogo za shaba zilizomo ndani ya kasha na uzilinganishe na matundu ya mazabodi. Nguzo iliyokaa mahali pasipo na tundu itagusa lehemu upande wa chini na kusababisha shoti, kwa hiyo iondoe. Nyaya ndogo za kitufe cha kuwashia na taa zifuate mchoro ulio kwenye kitabu: kitufe hakijali upande, lakini taa hujali. Plagi pana ya USB ya mbele iingizwe ikiwa imenyooka kabisa, kwani pini zake hupinda kwa urahisi. Feni za mbele zivute hewa ndani, ya nyuma iitoe nje.

Hatua ya 6: Kuwasha, kuweka mfumo na kupima

Ukiwa na kadi ya grafiki, chomeka skrini kwenye kadi hiyo, si kwenye mazabodi. Ingia BIOS kwa kubonyeza Delete au F2, hakikisha RAM yote na diski vinaonekana, kisha uwashe XMP au EXPO (mpangilio wa kasi ya RAM), kwa sababu bila hiyo RAM uliyoilipia kasi kubwa itatembea kwa kasi ya chini ya kawaida yake.

Windows 11 inahitaji TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta) na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, kwa ujumla Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo sishauri kuijengea mashine mpya. Linux Mint na Ubuntu ni bure na zinatosha kabisa kwa kazi nyingi, na kwa bajeti iliyobana, fedha ya leseni inaweza kuwa ndiyo RAM ya pili.

Mashine isipowaka, rudi nyuma kwa utaratibu: hakikisha swichi ya pawa saplai imewashwa, plagi ya pini 8 ya prosesa imeingia, na RAM imekaa, jaribu RAM moja kwa zamu, tazama taa ndogo za utambuzi zilizo kwenye mazabodi, ambazo huonyesha kama tatizo ni la prosesa, RAM, grafiki au diski. Ikiwa ilikuwa inawaka na ikagoma baada ya kubadilisha mpangilio wa BIOS, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, uirudishe.

Ikishawaka, ipime ukiwa bado na muda wa kurudisha vifaa. Acha MemTest86 ikague RAM usiku mzima. Kosa hata moja linatosha kuirudisha. Kisha ipe prosesa na kadi kazi nzito kwa nusu saa huku ukitazama joto. Prosesa ikipanda mara moja hadi nyuzi 95 huku kazi ikipungua kasi, mara nyingi kipozajoto hakikukaa vizuri au karatasi ya plastiki iliyo chini yake haikubanduliwa.

Risiti zote zipige picha, na maboksi uyatunze mpaka dhamana iishe. Nyaya za pawa saplai zilizobaki ziweke kwenye mfuko mmoja ulioandikwa jina na modeli ya pawa saplai hiyo, na usizitumie kamwe kwenye pawa saplai nyingine: plagi zinaweza kufanana kabisa huku mpangilio wa volti ndani yake ukiwa tofauti, na diski iliyochomekwa kwa waya usio wake inaweza kuungua sekunde ileile unapowasha.